Moto wa Njano

Kwa wiki tatu niliilaumu gesi.

Sufuria ya wali, ambayo tangu tuache mkaa ilikuwa ikitua mezani na kitako cheupe, ilianza kurudi na masizi. Kwanza doa dogo katikati, halafu duara, halafu kitako kizima kikawa cheusi, kikipaka weusi kitambaa cha meza na vidole vya anayepakua. Dada anayetusaidia nyumbani aliniambia mapema. “Baba, moto umekuwa wa njano,” alisema, amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Nikamjibu, macho yangu yako kwenye simu, kwamba gesi siku hizi inachakachuliwa. Neno hilo tulilizoea enzi za dizeli kuchanganywa na mafuta ya taa, kisha likahamia kwenye kura, asali, maziwa na kila kitu tusichokielewa. Nililitamka kwa uhakika wa mtu anayesoma magazeti.

Nikabadilisha mtungi kabla haujaisha. Moto uleule. Nikabadilisha duka. Moto uleule. Mtungi wa tatu uliletwa na kijana wa pikipiki kutoka mtaa wa pili, kilo 15 zimefungwa nyuma kwa kamba ya tairi. Akanipa shikamoo, akaufunga, akawasha, kisha akasimama kuutazama moto bila kusema neno. Ndimi zilikuwa ndefu, za njano, zikiyumba kama nguo kambani.

“Nani anaosha jiko hapa?” akauliza.

Nikamwonyesha dada. Akanigeuzia mgongo, akamuuliza yeye: “Hivi vichwa ulivitoa lini mara ya mwisho?”

“Niliambiwa nisiviguse.”

“Na nani?”

Dada akanyamaza, kwa heshima. Aliyemwambia ni mimi. Siku jiko lilipoingia ndani na plastiki zake, nilitangaza mbele ya familia nzima kwamba asilifungue mtu, lisije likaharibika kabla dhamana haijaisha. Dhamana yenyewe ilikwisha zamani. Amri yangu ilibaki.

Kijana hakunicheka. Alifunga mtungi kwanza, huku pleti moja ikiwaka, akaacha gesi iliyobaki kwenye mpira iungue yenyewe mpaka moto ukajizima kwa kamlio kadogo. Ndipo akafunga kitufe cha jiko. Akaligusa jiko kwa mgongo wa kiganja, kama mama anavyompima mtoto homa, akangoja lipoe. Kisha akakiinua kile kichwa cha shaba na kukipindua. Matundu yanayokizunguka, ambayo moto unapaswa kutokea kila moja kwa ulimi wake, nusu yalikuwa yamezibwa na uji, tui na mchuzi wa maharage, vimekaukiana vigumu kama udongo wa kichuguu. Aliomba chelewa kutoka kwenye ufagio. Alikataa msumari aliokuwa ameshika mwanangu. Akachokonoa tundu moja moja, taratibu, akigonga kichwa kwenye gazeti na kumwaga unga mweusi. Halafu akalilaza jiko ubavu, akapuliza kwa mdomo kwenye bomba fupi lililo chini yake. Kikatoka kipande cha utando wa buibui kilichojiviringisha kama pamba, na bawa la mende.

“Gesi yako nzima, mzee,” akasema. “Jiko ndilo lililoziba pua.”

Alipowasha tena, moto ulisimama mfupi, wa bluu, umejipanga duara kama meno. Hakutaka pesa ya kazi ile. Alichukua ya mtungi, akawasha pikipiki.

Nimelifikiria sana neno lake, pua. Maana ndivyo lilivyo: jiko la gesi huvuta pumzi kabla ya kuwaka. Gesi ikitoka mtungini hupunguzwa nguvu na regyuleta, hupita kwenye mpira, kisha huchomoka kwenye kitundu kisichofika milimita moja kwa upana. Kwa kasi yake hiyo huivuta hewa iliyo pembeni, vikachanganyika ndani ya lile bomba fupi, ndipo vinapopanda kichwani kukutana na moto. Mpango huu wa kuchanganya kwanza na kuunguza baadaye ndio uliotumika kwenye taa ya maabara ya Robert Bunsen kule Heidelberg, Ujerumani, mwaka 1855. Kila jiko la pleti mbili linalouzwa Kariakoo ni mjukuu wa taa ile. Hewa ikipungua, gesi haiungui ikaisha. Kaboni yake hubaki chembechembe, zikapata moto mpaka zikang'aa njano, kisha zikapanda kutafuta pa kutua. Zikishatua kwenye sufuria tunaziita masizi.

Kibatari nacho hung'aa kwa sababu hiyohiyo. Michael Faraday aliwaeleza watoto jambo hili London, katika mihadhara yake kuhusu mshumaa majira ya baridi ya 1860 na 1861: nuru ile ya njano ni masizi yanayowaka kabla hayajapoa. Kwa hiyo uchafu wa kibatari ndio kazi yake. Tunakitaka kitoe mwanga. Jiko tunalitaka litoe joto, na likianza kutuangazia chumba, linaumwa. Moto wa njano usiokoma hautupi masizi tu, unaweza pia kutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ileile inayowaua waliolala na jiko la mkaa chumbani kwa sababu ya baridi. Masizi ni tarishi mwenye adabu kuliko mwenzake; yeye angalau huacha alama.

Lakini si kila njano ni ugonjwa. Maji ya viazi yenye chumvi yakifoka na kudondokea motoni, mwali hupiga njano kali ya ghafla, kisha ukarudi bluu kana kwamba hakijatokea kitu. Hiyo ni sodiamu ya chumvi. Bunsen na mwenzake Gustav Kirchhoff waliisoma rangi ya namna hiyo kwa makini kiasi kwamba mwaka 1860, kwa kuuchambua mwanga wa miali, waligundua elementi mpya, sesiamu, ndani ya maji ya chemchemi. Jioni ile nilijaribu kumweleza dada habari za sodiamu, nijikomboe kidogo. Akanisikiliza mpaka mwisho. “Ile ya chumvi inapita, Baba,” akasema. “Hii ilikuwa haipiti. Ndiyo maana nilikuja kukwambia.”

Mwanamume akioa, Kiswahili kinasema kapata jiko. Nilipooa mimi, wajomba zangu walinipongeza hivyo mmoja baada ya mwingine, nikacheka nao, na sioni haya kusema kwamba msemo bado unanichekesha. Ila tazama kitenzi chake. Jiko ni kitu cha kupata. Ukishalipata, umemaliza, wengine ndio watakaoinjika na kuepua, watakaolijua lini lina njaa ya hewa na lini limekula chumvi. Nilinunua jiko la gesi kwa roho ileile. Nilichagua, nikalipa, nikalibeba, nikatoa amri. Sikumbuki hata siku moja niliyoinama kulitazama likiwaka.

Mama yangu angeniona wa ajabu. Nimekulia Tanga kwenye nyumba yenye mchina, jiko la mafuta ya taa lenye tambi zilizopangwa duara, na Jumamosi asubuhi Mama alilivua lote. Alizikata tambi kwa mkasi mpaka zikalingana urefu, maana utambi mmoja ukiwatangulia wenzake nyumba nzima hunuka moshi na chai pia. Alifuta tangi kwa nje, akakagua kama kuna unyevu mahali palipochomelewa. Mafuta hakuyaongeza jiko likiwa na moto, hata likiwa na vuguvugu tu. Nakumbuka siku yalipokwisha maharage yakiwa hayajaiva: alizima, akafunika chungu, akaketi kibarazani na mkeka wake akasuka. Tulilia njaa. Mama alisuka. Mpaka jiko lilipopoa kabisa ndipo alipoinuka na dumu. Wakati huo nilimwona mkatili. Mtaa wa pili kulikuwa na mama mwenye makovu ya moto kuanzia shavuni hadi kifuani, na hakuna aliyetueleza yametokana na nini. Hatukuuliza. Nadhani sasa nimejua.

Sufuria tulisugua kwa majivu na makumbi ya nazi, au kwa msasa. Siyo huu wa dukani. Msasa ni mti, na majani yake yanakwaruza kama ulimi wa paka. Karatasi ya fundi seremala ilirithi jina kutoka kwao, na semina za watumishi nazo zikarithi kwa fundi, ndiyo maana magazeti huandika kwamba walimu wamepigwa msasa. Majivu yalikuwa na akili kuliko tulivyoyapa sifa. Ndani yake mna chumvi za potasiamu, kali kama magadi, ambazo zikikutana na mafuta ya kupikia huyageuza sehemu yake kuwa sabuni palepale kwenye sufuria. Tulikuwa tukitengeneza sabuni bila kujua, tukidhani tunasugua tu.

Ukali huohuo ndio ulionifundisha adabu Jumamosi yangu ya kwanza ya kulivua jiko. Nilitaka kulipa deni langu, basi nikaviloweka vichwa vyote na vikombe vinavyovibeba kwenye maji ya magadi, usiku kucha. Vichwa ni shaba, vilitoka salama. Vikombe ni aluminiamu. Asubuhi vilikuwa vimetota weusi wa kijivu, ngozi imechimbika vijishimo, na maji yana vipovu vidogo, maana magadi huila aluminiamu. Dada alivitoa kimoja kimoja, akavipanga juani, hakusema kitu. Ndimu nayo ina mipaka yake: ukiipaka kwenye shaba na kusuuza baada ya dakika chache, shaba hung'aa, ukiisahau mpaka kesho inatoka na wekundu wa kutia shaka. Sabuni ya vyombo na maji ya moto, nusu saa, vinatosha kwa karibu kila kitu. Nasema hivi nikijua kwamba hakuna tangazo la biashara litakaloniunga mkono.

Kuna kosa moja, hata hivyo, ambalo halina Jumamosi ya pili. Mtu anataka jiko lisafike sana, anamwaga siki au ndimu, haoni matokeo ya haraka, anaongeza jiki. Jiki, kama tunavyoita dawa yoyote ya kung'arisha nguo nyeupe, ikikutana na asidi hutoa klorini. Ndiyo hewa iliyofunguliwa na jeshi la Ujerumani dhidi ya mahandaki karibu na Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915, askari wakafa wakitafuta pumzi. Jikoni haitoki nyingi kiasi hicho, lakini jiko letu lina dirisha moja, na mtu anayesugua huwa ameinamisha uso. Jiki ikae chooni na kwenye mashuka. Jikoni kwangu nimeipiga marufuku, na hii ndiyo amri pekee niliyobaki nayo.

Yapo mengine ya kupita haraka. Jiko la kioo lisifutwe kwa kitambaa cha maji baridi likiwa la moto; kioo hupasuka kwa mshindo. Kitundu kinachotoa gesi kisichokonolewe kwa waya wala msumari, maana kikipanuka gesi huzidi hewa na njano hurudi, safari hii kwa kudumu. Njiti ya kuchokonolea meno huvunjikia humo. Mafuta yakishika moto kwenye karai, zima jiko kama mkono unafika, funika karai kwa mfuniko. Maji yakiingia yatachemka chini ya mafuta na kuyarusha yakiwaka mpaka darini.

Harufu nataka niikalie kidogo.

Gesi ya mtungi, propani na butani, kwa asili hainuki. Kile kinachotupiga puani kama vitunguu vilivyooza ni dawa ya salfa inayoongezwa makusudi, kidogo sana, ili pua ya mtu wa kawaida ijue. Watu waliojifunza umuhimu wake walilipa bei kubwa. Tarehe 18 Machi 1937, katika shule ya New London, Texas, gesi asilia isiyo na harufu ilivuja na kujaa chini ya sakafu. Hakuna mwanafunzi wala mwalimu aliyeinusa. Inaaminika cheche ilitoka kwenye mashine ya umeme ya kupigia msasa, darasa la ufundi, mwalimu alipoiwasha. Walikufa watu karibu 300, wengi wao watoto. Baada ya hapo Texas ikatunga sheria gesi itiwe harufu, na desturi hiyo ikaenea duniani.

Kwa hiyo harufu ile inayotukera ni ujumbe, na imewagharimu wengine watoto wao. Sisi tunaifanyia nini? Tunawasha udi. Nimeona kwa macho yangu nyumba ya jamaa yangu ambako harufu ya gesi ilikuwa imekaa siku kadhaa, na suluhisho lao lilikuwa ubani kwenye chetezo, chenye makaa mekundu, hatua tano kutoka mtungini. Na nimeona fundi, mtu mwenye begi la zana na kila kitu, akitafuta mahali panapovuja kwa kupitisha kiberiti kinachowaka kwenye mpira. Povu la sabuni linafanya kazi hiyo bila kudai roho ya mtu. Lipake kwenye maungio, fungua mtungi, tazama. Panapovuja patachemka vipovu kama mdomo wa kaa.

Gesi hii pia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi darini kutafuta madirisha yetu ya juu yenye wavu. Huteremka, hutambaa sakafuni, hukaa kwenye pembe na chini ya kabati kama maji yasiyoonekana. Anayeifikia kwanza ni mtoto anayetambaa, na anayeisikia kwanza ni aliyeinama kupiga deki. Mkubwa aliyesimama na simu yake husikia mwisho. Ikitokea, funga mtungi, fungua mlango, usiguse swichi ya taa wala ya feni, toka nje na watu wako, uiache gesi itoke kwa miguu yake.

Serikali ya Tanzania ina mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, wa 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya wananchi wawe wakitumia nishati hiyo ifikapo mwaka wa mwisho. Naunga mkono kwa moyo wote. Nimeona macho ya bibi zangu yalivyotiwa wekundu na kuni. Mitungi ya kilo 6 inagawiwa mikutanoni, kila mmoja na kichwa chake juu, picha zinapigwa. Jambo moja linanisumbua. Hilo neno safi tumeipa gesi kana kwamba usafi huja ndani ya mtungi pamoja nayo. Gesi ni safi pale tu jiko linapopumua, na jiko hupumua pale tu mtu anapolivua, akalisugua, akalirudisha. Mtu huyo mara nyingi si yule anayepokea mtungi jukwaani. Ni dada, ni mama, ni binti wa darasa la saba anayepika uji kabla ya shule. Laiti dakika mbili za hotuba wangepewa wao, pamoja na kikombe cha maji ya sabuni na chelewa moja, waoneshwe kwa mikono.

Siku hizi Jumamosi tunalivua wawili, mimi na dada. Yeye ndiye mwalimu. Nafunga mtungi, yeye anahakikisha nimefunga. Nasugua, yeye anayatazama matundu kwenye mwanga wa mlangoni, na ambalo halipitishi mwanga ananirudishia. Mpira tunaukunja kidogo kidogo, kipande baada ya kipande, kutafuta nyufa. Karibu na jiko, unakopata joto, hukakamaa mapema kuliko kwingine. Mwezi uliopita aliugeuza, akanionesha tarehe iliyopigwa ubavuni ambayo sikuwahi kujua kwamba ipo. Ulikuwa na miaka sita. Nilitoka saa hiyohiyo kwenda dukani, sahani za mchana zikiwa bado hazijajazwa, na tulikula saa kumi.

Msomaji, mpira wa jiko lenu una miaka mingapi? Funga mtungi kwanza, kisha nenda kautazame. Na ukiwa hapo, muulize anayepika moto una rangi gani siku hizi.